Mkalimani Hana Maoni

Kadi iliyo shingoni mwangu ina jina, lugha na namba.
Kazi yangu ni kupitisha maneno
kama bomba lipitishavyo maji: bila kuyaonja.

Jumanne, Cardiff, chumba cha pili cha mahakama.
Lali Famau, mpakiaji wa usiku kwenye ghala la viatu,
amesimama ndani ya kizimba cha vioo
na koti alilolivaa kwenye harusi ya bintiye.
Harusi hiyohiyo ndiyo iliyomleta hapa:
vifurushi kumi na viwili vya miraa
ndani ya majani ya mgomba, kwenye buti la gari,
bado vibichi.

Mwendesha mashtaka anataja, nami nafasiri:
dawa ya kulevya.
Lali ananigeukia.
"Dada, ni nani aliyelewa? Tulikesha tukizungumza tu.
Na zamani ilipita uwanja wa ndege, na risiti yake."
Hayo pia nikayafasiri, neno kwa neno.
Hakimu akaandika kitu.

Hapo ulimi ukanikwama.
Maana kwetu kulewa ni mzizi mmoja:
mlevi, kileo, kilevi, ulevi, kulevya,
ndugu wa tumbo moja, wamelala kitanda kimoja.
Huku wamegawanywa kama mirathi iliyogombaniwa:
mmoja akapewa rafu yenye taa nyuma yake,
wengine wakapewa vifungu vya sheria.
Nilitaka kuuliza ni kadhi gani aliyegawa.
Mkalimani hana maoni.

Jirani yangu Bi Glenys, kila Alhamisi alfajiri,
sanduku lake la chupa hulia mtaa mzima
nasi tulio vitandani tunajiambia ni upepo.
Mumewe, Derfel, hospitali waliandika: ini.
Baada ya maziko tulialikwa baa.
Wakamnywea kilekile kilichomuua,
wakasimama, glasi juu,
wakasema alikuwa mtu wa watu. Na kweli alikuwa.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Derfel lilimla likakwisha,
likabakisha miwani na kofia ya mchezo wa Jumamosi.
Lakini nani atalifukuza?
Lina ufunguo wa nyumba. Linalipa kodi.
Lilikuwapo kwenye ubatizo na kwenye talaka,
limeandikwa kifuani pa jezi za watoto wetu.
Zimwi geni ndilo linaloitiwa polisi.

Nisijifanye mtakatifu.
Tanga, baba alitafuna miraa yake barazani
mchana kweupe, akiwasalimu wapita njia,
na mnywa bia ndiye aliyepita uchochoroni, chupa ndani ya gazeti.
Leo mimi nina glasi yangu ya Ijumaa,
moja, mara nyingine tatu,
na mama akipiga simu ya video naisukuma nyuma ya kibaniko cha mkate.
Basi aibu nayo ina pasipoti;
ikivuka mpaka hubadilishiwa muhuri.

Hukumu: faini, na saa themanini za kazi bila malipo.
Rhiannon, wakili wake, akakunja faili:
"Siku ngumu hii. Twende, nakununulia kinywaji."
Nikaenda.
Hakimu alikuwa pale pembeni, tai imelegea,
povu jeupe juu ya mdomo wake, mpole kabisa,
akatuinamishia kichwa.

Nilikuwa nusu ya glasi ya pili
nilipomwona Lali nje ya dirisha, kituo cha basi,
akigeuza karatasi juu chini, mvua ikiilowesha.
Nikatoka.
"Dada, hapa yasemaje?"

Nikamsomea tarehe, kiasi, anwani ya kulipia,
mstari kwa mstari, bila kuruka kitu,
kiganja kikiwa mdomoni
kana kwamba ni baridi.